Nani Aliyeitia Maji?

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi, katika maabara ndogo ninakofanya kazi hapa Tanga. Kijana mmoja aliyekuja kupimwa shahawa alinyanyuka kwenye benchi, akasogea hadi dirishani na kukikazia macho kikopo nilichokuwa nimekishika. Nusu saa kabla alikuwa amenikabidhi kikopo hicho kwa mkono wake mwenyewe, huku akitazama pembeni kama wanavyotazama wanaume karibu wote katika shughuli hiyo. Safari hii hakutazama pembeni.

"Kaka, hiyo si yangu," alisema. "Yangu ilikuwa nzito, imeshikamana. Hiyo mmeitia maji."

Nilimwonyesha namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, nikamwonyesha fomu yenye saini yake na saa aliyoijaza mwenyewe, kisha nikamweleza kwamba ni jambo la kawaida, shahawa huyeyuka ikikaa kidogo. Jibu hilo nimelitoa mara nyingi katika miaka yangu ya kazi, na hakuna aliyewahi kulikataa. Yeye alilikataa.

"Inayeyushwa na nini?"

"Vimeng'enya."

"Vinatoka wapi?"

"Kwenye tezi dume."

Alinyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyepewa habari mbaya asiyoitarajia: "Kwani mimi nina tezi dume?"

Nilicheka.

Sikupaswa kucheka, na kicheko hicho ndicho kilichonisumbua kwa wiki tano zilizofuata.

Jina lililohamia kwenye ugonjwa

Yule kijana hakukosea Kiswahili. Mtaani kwetu, "ana tezi dume" husemwa juu ya mzee anayeamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, na "tezi dume imemuua" husemwa msibani. Ni kweli kwamba tunasema pia "ana sukari" na "ana presha", ingawa hakuna mtu aliye hai ambaye damu yake haina sukari wala presha. Lakini kila mtu anajua kwamba sukari ina kazi nyingine mbali na kuugua. Tezi dume haikubakiziwa kitu. Ukiuondoa ugonjwa, wengi wetu hatujui kilichobaki ni nini.

Kilichobaki ni tezi ya ukubwa wa ndimu ndogo, yenye uzito wa gramu ishirini hivi kwa kijana mwenye afya, iliyokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kila mwanamume anazaliwa nayo. Mahali ilipokaa ndipo panapoeleza shida za uzeeni, kwani pete ikinenepa kidole hubanwa. Mahali hapo, hata hivyo, hapaelezi tezi yenyewe inafanya nini huko miaka yote ambayo haimsumbui mtu.

Nami, mtu wa maabara, nilipojaribu kujieleza usiku ule nikiwa nyumbani, niligundua kwamba maelezo yangu yaliishia palepale yalipoishia kwa yule kijana. Chuoni niliusoma mchakato huu kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, kisha nikabaki na sentensi moja tu: shahawa huyeyuka ndani ya dakika sitini. Sentensi hiyo imo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kwa kazi ya kila siku inatosha.

Kwa swali la "inayeyushwa na nini?" haitoshi.

Dakika ishirini

Shahawa haitoki mahali pamoja. Mbegu za kiume pamoja na majimaji ya korodani ni asilimia chache tu ya ujazo wake. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hutoka kwenye vifuko vya manii vilivyo nyuma ya kibofu, na tezi dume huchangia robo hivi. Vifuko vya manii huleta sukari iitwayo fruktosi, ambayo ni chakula cha mbegu, pamoja na protini ndefu zinazoitwa semenojelini. Tezi dume huleta sitrati, zinki na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia. Pande hizi mbili hazikutani hadi dakika ya mwisho kabisa, na kutokukutana huko ndiyo siri ya jambo zima.

Zinki ndiyo iliyonishangaza zaidi. Tezi dume hulimbikiza zinki kuliko karibu kiungo kingine chochote laini mwilini, na nilikuwa nikidhani kwamba hiyo ni akiba tu. Kumbe ni lijamu. Kimeng'enya kikuu cha tezi hiyo, ambacho duniani kote kinajulikana kwa herufi tatu, PSA, ni kimeng'enya cha kukata protini, na kimeng'enya cha kukata protini hakifai kuachwa huru ndani ya mwili ambao wenyewe umejengwa kwa protini. Kwa hiyo hukaa ndani ya tezi kikiwa kimezimwa, na miongoni mwa vinavyokizima ni zinki.

Shahawa inapotoka, majimaji ya pande mbili huchanganyika. Semenojelini huinyakua zinki na kujishikamanisha, na mchanganyiko mzima hugeuka kuwa ute mzito kama alivyouona yule kijana. Lakini kwa kuinyakua zinki, semenojelini imekivua kimeng'enya lijamu yake, na kimeng'enya hicho kikishakuwa huru, kitu cha kwanza kinachokikata ni semenojelini yenyewe. Kile kinachoufanya ute ugande ndicho hichohicho kinachomfungulia mlango mchinjaji wake. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini nyuzi zimekatwakatwa, ute umekuwa maji, na mbegu zilizokuwa zimenaswa ndani yake zinaogelea.

Hakuna aliyeitia maji. Maji yalikuwamo tangu mwanzo, yamefungwa.

Mfano niliousaka kwa siku kadhaa nilikuja kuupata jikoni na si kitabuni. Muuza mishkaki anayepaka nyama ngumu papai bichi na kuiacha kwa muda kabla ya kuichoma anatumia kimeng'enya cha aina hiyohiyo, cha kukata protini, na akisahau nyama hiyo hadi kesho yake ataikuta imekuwa uji. Nanasi nalo lina cha kwake, kile kinachouwasha ulimi ukila vipande vingi. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimelisoma mara kadhaa bila kulitafakari: sampuli inayokataa kuyeyuka, mwongozo wa maabara unaruhusu itiwe bromelini, na bromelini ni kimeng'enya cha nanasi. Tezi dume ikishindwa, nanasi hushika zamu.

Kushindwa huko kuna maana kwa mpimaji. Shahawa inayobaki imeganda kwa zaidi ya saa nzima huwafunga mbegu mahali ambapo walipaswa kuwa safarini. Kinyume chake, shahawa ambayo haikuganda hata kidogo, ikiwa na ujazo mdogo, asidi nyingi na bila fruktosi, inaeleza kwamba vifuko vya manii havikuleta mchango wao, pengine kwa sababu njia imeziba au haikuumbwa. Nilikuwa nikiziandika habari hizi kwenye fomu kama tarakimu. Sikuwa nikiziona kama ushahidi wa nani alifika na nani hakufika.

Kwa nini mwili uigandishe shahawa kisha uiyeyushe? Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba ute huizuia isimwagike huku ukizishika mbegu karibu na mlango wa kizazi. Wanaolinganisha wanyama wameona jambo la kuvutia. Kwa sokwe, wakiwamo hawa wa kwetu wa Gombe na Mahale, ambao majike yao hupandwa na madume kadhaa, ute huo huganda na kuwa kizibo kigumu. Kwa sokwe wakubwa wa milimani na misituni, wale wanaoitwa gorila, ambao dume mmoja kwa kawaida hutawala majike wake bila mshindani mkubwa, jeni ya semenojelini imeonekana kuharibika, kama chombo ambacho hakikuhitajika tena. Sisi tuko katikati, na nimeamua kutoandika zaidi ya hapo.

Harufu ya unga uliokandwa

Katika wiki hizo nilikumbuka kwamba somo langu la kwanza kuhusu majimaji haya sikulipata maabara wala sekondari. Nililipata chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nikiwa na miaka kumi na miwili hivi, tulipofundishwa kutofautisha manii, ambayo ndiyo shahawa, madhii, majimaji ya ashiki, na wadii, yatokayo baada ya mkojo, ili tujue kipi kinamlazimu mtu kuoga janaba na kipi kinatosha kutawadha. Alama za manii tulizikariri: hutoka kwa kuruka, hutoka kwa ladha, yaani kwa raha, na yakiwa mabichi yana harufu ya unga uliokandwa au ya karara la mtende, na yakikauka yana harufu ya ute wa yai.

Tulicheka sana siku ile, na mwalimu alituacha tucheke.

Harufu ile ina asili yake. Inahusishwa na kemikali iitwayo spermini, ambayo hutolewa kwa wingi na tezi dume. Mnamo miaka ya 1670 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, fundi wa lenzi, aliona fuwele katika shahawa iliyoachwa ikae, na zaidi ya karne mbili baadaye ndipo ilipofahamika kwamba zile zilikuwa fuwele za spermini na fosfeti. Wanazuoni wa Kishafii waliitumia alama hiyo kwa pua zao bila lenzi. Nimefurahi kujua kwamba tezi dume ilikuwamo katika masomo yangu tangu utotoni, ila bila kutajwa jina, na bila ugonjwa.

Protini moja, majina mengi

Kimeng'enya cha kwanza cha tezi hii kupata umaarufu si PSA bali ni fosfatasi ya asidi. Mwaka 1935 watafiti wa Ujerumani, Kutscher na Wolbergs, walieleza wingi wake wa ajabu katika shahawa na katika tezi dume. Mwaka 1938 Alexander na Ethel Gutman, mjini New York, walionyesha kwamba hupanda katika damu ya wagonjwa ambao saratani yao ya tezi dume imesambaa, na mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walikitumia kama kipimo kuonyesha kwamba saratani hiyo hulishwa na homoni za kiume, kazi iliyompatia Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wapelelezi nao walikitumia, na bado wanakitumia, kutafuta madoa ya shahawa kwenye nguo katika kesi za ubakaji. Mwaka 2007 watafiti wa Ulm nchini Ujerumani walieleza kwamba vipande vya protini hiyohiyo hujipanga kuwa nyuzinyuzi ambazo, katika maabara, huvisaidia virusi vya UKIMWI kuzishika seli. Niliisoma habari hiyo mara mbili. Mwili hutengeneza kitu kwa kazi yake, na virusi havikuuliza ni kazi gani.

Historia ya PSA ni ya majina. Richard Ablin aliripoti antijeni za tezi dume mwaka 1970. Mwaka 1971 Mitsuwo Hara, akitafuta nchini Japani njia ya kutambua shahawa kwa ajili ya mahakama, alieleza protini aliyoiita gama-seminoprotini. Mwaka 1973 Li na Beling, waliokuwa wakishughulika na uzazi, wakaipa jina jingine. Mwaka 1978 George Sensabaugh wa California, naye kwa ajili ya uchunguzi wa jinai, akaiita p30 kwa kufuata uzito wake. Mwaka 1979 Ming Wang na wenzake huko Buffalo wakaisafisha kutoka kwenye tezi dume, nayo ikaishia kuitwa antijeni maalumu ya tezi dume.

Jina lililoshinda halisemi chochote kuhusu kazi. Antijeni ni kitu kinachoweza kutambuliwa na kingamwili, basi. Ni kama kumwita seremala "yule aliyeonekana sokoni". Hata neno "maalumu" lina walakini, kwa kuwa kiasi kidogo cha protini hiyo kimepatikana hata katika maziwa ya mama.

Mwaka 1985 ndipo Hans Lilja nchini Sweden alipoonyesha kwamba inayokatwa ni protini za vifuko vya manii, yaani kazi yenyewe ikajulikana. Mwaka uliofuata, 1986, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo chake cha damu kwa kufuatilia wagonjwa wa saratani, na mwaka 1994 ikakiidhinisha kwa kusaidia kuigundua. Tangu hapo herufi tatu zikawa kipimo, kipimo kikawa saratani, na fundi akasahauliwa.

Bahasha ya Baba Mkubwa

Niseme sasa kwa nini kicheko changu kiliniuma.

Miaka mitatu iliyopita Baba Mkubwa alikuja kupimwa PSA palepale kazini kwangu. Majibu yalipotoka nilimwamkia, nikampa bahasha, na kwa kuwa aliniuliza nikamjibu kwa maneno mawili: "Iko juu." Ilikuwa 7.8, na fomu yetu imeandikwa kwamba kawaida ni 0 hadi 4. Alinishukuru, akaiweka bahasha ndani ya kanzu, akaondoka. Wiki hiyohiyo aliwaita wanawe kuzungumzia mgawanyo wa shamba la minazi.

Sikumwambia kwamba katika shahawa ya mwanamume mzima kimeng'enya hicho hufikia kama miligramu moja kwa kila mililita, ilhali katika damu tunakipima kwa nanogramu, yaani kwa sehemu za milioni za miligramu. Ile 7.8 iliyomfanya agawe shamba ni matone yaliyovuja kutoka kwenye pipa lililojaa. Swali la daktari ni kwa nini pipa linavuja, na majibu ni mengi. Tezi iliyonenepa kwa umri huvujisha. Maambukizi ya njia ya mkojo au ya tezi yenyewe huvujisha sana. Mpira wa mkojo huvujisha, na kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla ya kipimo huweza kukipandisha. Saratani nayo huvujisha, na hapa kuna jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimelielewa kinyume: seli ya saratani mara nyingi hutengeneza PSA pungufu kuliko seli nzima, ila kuta zinazoizuia isiingie katika damu zimebomoka. Kikishaingia katika damu, sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho hufungwa na protini nyingine na hakikati tena kitu.

Daktari alimkuta Baba Mkubwa na maambukizi. Alitibiwa, na baada ya miezi miwili PSA ilikuwa 5.1. Akapelekwa Dar es Salaam, vinyama vikachukuliwa, na saratani haikuonekana. Tezi imenenepa tu. Bado anafuatiliwa kila baada ya miezi sita, na kila anapokuja hunitazama usoni kabla ya kuipokea bahasha.

"Mwanangu," aliniuliza mwaka jana, "sasa mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

Ninapositasita

Naandika haya nikiwa na hofu ya upande wa pili. Nikizunguka nikiwaambia wanaume kwamba PSA ni kimeng'enya cha kuyeyusha shahawa na si saratani, je, sitampa kisingizio yule ambaye tayari anatafuta sababu ya kutokwenda hospitali? Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Tanzania ikiwamo, saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wengi hufika ikiwa imeshaingia mifupani. Wakati huohuo, wanaume wanaokikwepa kipimo cha kidole, kile ambacho daktari huipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kwa utani wa vijiweni wameshaambiwa kwamba siku hizi kuna kipimo cha damu, na wamekielewa kuwa kipimo cha ndiyo au hapana.

Huko Marekani jopo la wataalamu wa kinga lilipendekeza mwaka 2012 kwamba wanaume wasio na dalili wasipimwe PSA, kwa kuhofia kwamba wengi wangetibiwa saratani ambazo zisingewaua. Mwaka 2018 likalegeza, likasema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Ablin mwenyewe alijitokeza gazetini mwaka 2010 kulaumu jinsi kipimo kilivyotumiwa ovyo. Lakini mijadala hiyo iliegemea majaribio makubwa ya Ulaya na Marekani yaliyotoa matokeo mwaka 2009, ambayo washiriki wake walikuwa kwa wingi wazungu, katika nchi ambazo tatizo lao ni kupima kupita kiasi. Tatizo letu si hilo. Siwezi kuyabeba maamuzi yao na kuyatua Tanga kama yalivyo.

Nilichokibadilisha ni kidogo, na kiko ndani ya mamlaka yangu. Kabla ya kuchukua damu nauliza kuhusu mkojo kuuma, kuhusu mpira wa mkojo, kuhusu kumwaga shahawa siku mbili zilizopita, na kuhusu dawa, kwa sababu anayetumia finasteridi, dawa ya kupunguza tezi iliyonenepa, kwa miezi kadhaa hupata namba iliyoshuka kwa nusu hivi na kumdanganya anayeisoma. Sisemi tena "iko juu". Nasema daktari atatafuta kinachovujisha, na kwamba asiache kurudi kwake. Inachukua dakika mbili, na mwenzangu wa zamu analalamika kwamba foleni inarefuka.

Sampuli ya pili

Yule kijana alirudi baada ya wiki tano, kwa kuwa sampuli moja haitoshi kumsemea mtu. Ameniruhusu kuandika haya bila jina lake.

Nilimwomba radhi kwa kile kicheko. Kisha nilimwekea stuli karibu na dirisha, nikakiweka kikopo chake mahali anapokiona, na nikampa saa ya mezani aishike mwenyewe. Nilimweleza habari za papai bichi. Dakika ya tano ute ulikuwa bado umeshikamana. Dakika ya kumi ulikuwa umeachana, ukiwa na vipunje vyeupe kama vya sago iliyochemka. Nilikiinamisha kikopo kila baada ya dakika chache, na yeye alisogeza uso karibu zaidi kuliko nilivyotarajia. Dakika ya kumi na saba ilitiririka.

"Kwa hiyo ninayo," alisema.

"Unayo."

"Na inafanya kazi."

"Inafanya kazi," nilimjibu. Niliandika 17 kwenye fomu, nikaweka tone kwenye kioo, nikainama kwenye hadubini kuanza kuhesabu mbegu, kwa sababu hizo ndizo alizozijia.